Uzi Mweusi Upande wa Nje

Siku ukoo ulipomkabidhi Yaw Adomako karakana ya marehemu mjomba wake, kitu cha kwanza alichofanya ni kumwambia binamu yake afungue mkoba. Wazee walikuwa bado wamesimama mlangoni, mvinyo wa tambiko haujakauka sakafuni. Twumwaa akafungua. Mlikuwa na kitana, kitambaa cha kichwa, nusu donge la kenkey, ule ugali mchachu wa mahindi, kwenye majani yake, na solda ya kuunganishia nyaya aliyoishika tangu akiwa na miaka kumi na minne.

"Ya karakana hiyo," Adomako akasema, akanyoosha mkono.

"Baba alinipa."

"Baba yako ni mjomba wangu, na cha mjomba kinakwenda kwa mpwa. Au nyinyi wa Bantama siku hizi mnarithishana Kizungu?"

Wazee wakacheka, wenye meno na wasio nayo. Twumwaa akaiweka solda juu ya meza.

Tuseme ukweli hapa, maana watu wakisimulia kisa hiki hupenda kumpaka Adomako matope kwa kosa ambalo si lake. Mwaka ule wa sabini na nne Kumasi nzima ilijua kwamba mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na mali ya mwanamume huenda kwa mtoto wa dada yake. Twumwaa aliijua sheria hiyo na hakuwa na ugomvi nayo. Angekuwa na mjomba mwenye karakana, naye angepokea bila kuona haya. Kilichomkaa kooni ni ule mkoba. Miaka tisa alikaa benchi moja na baba yake, Mzee Ampofo, wakifungua amplifaya za bendi zote za mji, na leo anapekuliwa kama mwizi wa kuku mbele ya watu ambao baba yake aliwatengenezea redio zao bure. Mama yake, Birago, alikuwa ameshatolewa ndani ya nyumba kabla hata arobaini haijatimia, cherehani yake ikawekwa nje mvua inanyesha.

Adomako hakuishia kwenye mkoba. Alikuwa na cheti cha ufundi redio kutoka Accra, amekitia fremu, na alitaka wazee wajue hawakukosea. Akashusha kopo la maziwa kutoka rafuni, akalimimina mezani. Zikatoka kapasita kama mia mbili, vile vijipipa vidogo vyenye mguu wa waya huku na huku, na kila kimoja kimefungwa uzi mweusi kwenye mguu mmoja.

"Mnaona wazee wangu," akasema. "Mjomba alikuwa na akili. Amefunga uzi mweusi upande wa hasi ili asikosee. Nyeusi ni hasi. Hata dereva wa lori anajua, akiangalia betri yake."

"Siyo hivyo," Twumwaa akasema. Alitaka kusahihisha tu. Ndivyo alivyofunzwa: ukiona fundi anakosea, unasema kabla hajachoma waya.

"Nyamaza. Nani kakuuliza? Nikikuuliza utajibu."

Akanyamaza. Pale pale, mkoba usio na solda begani, akaapa moyoni kwamba neno lile halitamtoka mpaka Adomako amuulize kwa kinywa chake, mbele ya wazee hawa hawa, akiwa amevua viatu kama mtu anayeomba radhi. Akatoka nje na kwenda zake, na wazee wakadhani ameshindwa.

Neno lenyewe lilikuwa dogo. Kapasita za namna ile hazina hasi wala chanya. Zile kubwa za bati, za kutunza umeme, ndizo zenye hasi, na ukizigeuza zinapasuka na kukutoa jicho. Hizi ndogo unaziunga vyovyote na sauti itapita. Ila ndani yake kuna karatasi mbili nyembamba za bati zilizoviringishwa pamoja kama mkeka, na lazima moja iishie nje. Hiyo ya nje hudaka kila uchafu wa umeme ulio jirani: wa transfoma, wa nyaya za taa, hata wa mkono wa mtu. Na kila kapasita hukaa kati ya vali mbili, zile chupa za kioo zinazokuza sauti: moja inaitoa sauti, nyingine inaipokea.

"Wa nje ndiye mfiwa," Mzee Ampofo alikuwa akimwambia bintiye. "Amekaa barazani na nguo nyeusi, kila apitaye anamwagia kilio. Sasa mfiwa huyo usimkalishe karibu na vali inayosikiliza. Mkalishe na vali inayosema. Inayosema ina nguvu zake, haitajali. Inayosikiliza itasikia yote na kuyapeleka kwenye spika."

Viwandani huchora mstari kwenye ule mguu wa nje. Mzee hakuiamini mistari hiyo, maana alishaikuta imechorwa kinyume, na kapasita alizozitoa kwenye redio zilizokufa zilikuwa zimefutika kabisa. Kwa hiyo aliipima kila moja kwa vidole. Mguu mmoja kwenye tundu la maiki, mwingine kwenye waya wa ardhi, kisha anaibana katikati kwa vidole na kusikiliza spika. Anaigeuza, anaibana tena. Mkao ambao spika inatulia zaidi, mguu ulioko ardhini ndio wa nje, na huo ndio unaofungwa uzi. Kwa kulijua hilo aliweza kujenga amplifaya zake bila mabati ya kukinga kelele, kila kitu kimebanana, nyepesi za kubebwa na mtu mmoja.

Na vali inayosema ndiyo yenye umeme mkali, upande ambao fundi yeyote wa cheti angeuita chanya. Basi Adomako alipotaka kuuweka kila uzi mweusi mbali na chanya, alikuwa anamkalisha kila mfiwa mlangoni mwa yule anayesikiliza. Angefunga macho akapachika ovyo, angalau nusu zingekaa sawa. Alikosea zote kwa sababu alikuwa na uhakika.

Akaanza kwa kishindo. Akatangaza kwamba kapasita za zamani zimechoka, akazing'oa kwenye kila amplifaya iliyoingia karakanani na kupachika zile za kopo. Jumamosi ya kwanza, kwenye msiba mmoja mtaani Asafo, spika zilivuma tangu saa tatu asubuhi. Ulikuwa mvumo wa chini, wa kunung'unika, unaokaa chini ya kila neno. Mchungaji akipumua, unausikia. Gitaa likitulia, unausikia. Watu wakawa wanapandisha sauti ili waupite, na fundi wa bendi akipandisha amplifaya, nao unapanda.

Twumwaa alikuwepo. Hakumjua marehemu, hakumjua mfiwa, lakini alivaa nguo nyeusi, akapeana mikono na mstari mzima wa wafiwa, akaketi karibu na spika. Akasikiliza hadi adhuhuri. Moyo wake ukawa mweupe kwa mara ya kwanza tangu baba yake afe.

Tangu siku hiyo hakukosa msiba hata mmoja. Kila Jumamosi alijifunga nguo nyeusi na kwenda kuwalilia watu asiowajua, mradi amesikia kwamba vyombo vinatoka kwa Adomako. Watu wa Bantama wakamsifu kwa utu wake. Wengine walisema msiba wa baba yake umemlainisha roho, na yeye akawashukuru.

Akirudi, mama yake humpokea kwa swali moja tu, macho yakiwa kwenye cherehani.

"Palikuwaje?"

"Palilia, Mama."

Basi Birago humpakulia fufu na supu, na hawasemi zaidi. Walikuwa wamepanga chumba kimoja nyuma ya duka la mkate. Mama alishona, binti alitengeneza pasi na redio za mkononi kwenye meza ya barazani. Birago alikuwa mtu mdogo, mwenye sauti ndogo zaidi, na mwaka ule wa eda, ndani ya nguo zake nyeusi, alizidi kupungua.

Mwezi wa nne tangu karakana ikabidhiwe alikuja Antwi, mpiga gitaa, amplifaya begani. Akaitua mbele ya Twumwaa akihema.

"Dada yangu, niokoe. Kitu hiki kinavuma mpaka wacheza dansi wananiuliza kama nimekuja na nyuki. Adomako ameshabadilisha vali, transfoma, na waya wa ardhi. Bado."

"Rudisha kwake."

"Nimerudisha mara tatu. Ameniambia ni umeme wa mji mbovu."

"Basi ni umeme wa mji."

"Twumwaa, mimi si mtoto. Mashine hii hii wakati wa baba yako, ukiiwasha unadhani imezimwa. Wewe unajua kitu."

"Najua vingi. Sijaulizwa."

"Si nakuuliza mimi hapa?"

"Siyo wewe."

Antwi akaelewa nusu, na nusu hiyo ikamtosha kuogopa. Akabeba mzigo wake akaondoka. Twumwaa angeweza kuitengeneza mashine ile kabla chai haijapoa. Lakini angeifungua moja, Adomako angeichungulia, angeona nyuzi zimegeuzwa, na mchezo ungekwisha. Kwa hiyo akamkataa Antwi, akawakataa na wengine kumi waliokuja baada yake, na wiki nyingine yeye na mama yake wakala mihogo mitupu. Aliila kwa hamu.

Adomako naye alikuwa anakonda. Zile za kopo zilipomtia mashaka alizing'oa, akaagiza mpya kutoka Accra, zenye mstari wa kiwandani. Akaushukuru mstari. Akauelekeza upande wa hasi, kila mmoja, kwa uangalifu mkubwa. Spika zikavuma vile vile. Bendi zikaanza kumkwepa, kisha makanisa. Wakamwita Bwana Mvumo, kwanza nyuma ya mgongo wake, halafu sokoni Kejetia mchana kweupe.

Kisha mwaka ukatimia.

Siku ya mwaka ya marehemu ni ya mrithi. Yeye ndiye mwenye shughuli, na ikiharibika imemharibikia yeye. Siku hiyo pia mjane huvua nyeusi, huvaa nyeupe, husimama mbele ya ukoo wa mumewe na kusema neno la kumuaga. Mjane akishasema, ameachiwa na ukoo. Kwa hiyo Adomako alijitahidi. Alikodi bendi ya Antwi, akafunga maturubai uwanja mzima, na akaitoa amplifaya kubwa kuliko zote, ambayo Mzee Ampofo aliijenga kwa mikono yake na kuipigilia jina lake usoni kwa herufi za shaba. Aliifanyia kazi wiki mbili. Kila kapasita ndani yake ilikuwa mpya, mstari upande wa hasi.

Asubuhi ya Jumamosi ukoo wote ukaja, na wazee wale wale wakaketi mbele. Adomako akawasha.

Mji ule ulishazoea mvumo, lakini huu ulikuwa baba wa mivumo yote. Mashine kubwa, vali nyingi, kila hatua ikiudaka mvumo wa iliyotangulia na kuukuza. Mkuu wa ukoo akashika maiki kukaribisha watu, na wageni wa viti vya nyuma wakaona midomo yake inachezacheza tu. Mtu mmoja akasema kwa sauti, "Ampofo amekasirika huko aliko," na watu wakacheka kwenye shughuli ya Ampofo.

Kicheko hicho kilimchoma Twumwaa kidogo. Jina lile la shaba lilikuwa la baba yake. Lakini alikuwa amengoja mwaka mzima, na sasa alimwona Adomako akizunguka nyuma ya mashine, jasho limeloanisha kitambaa chake cha msiba, akigusa waya huu na ule kama mtu anayetafuta ufunguo gizani. Alimwona akisimama. Alimwona akimtafuta yeye kwa macho.

Akaja. Akapita mbele ya wazee wote, akafika pale Twumwaa alipoketi kando ya mama yake, akavua viatu, kimoja na kingine, akasimama miguu mitupu kwenye vumbi jekundu.

"Binamu," akasema. "Nakuuliza."

"Sema kwa nguvu. Wazee hawasikii, kuna kelele."

Watu wa karibu wakageuka. Adomako akameza mate.

"Nakuuliza mbele ya wazee. Siijui mashine ya mjomba. Mwaka mzima siijui. Wewe unaijua. Niambie nimekosea wapi."

"Na yule mliyempekua mkoba?"

"Nilikosa. Solda yako ninayo hapa." Akaitoa kiunoni, akamnyooshea kwa mikono miwili. "Ichukue. Itengeneze wewe, watu wote waone ni wewe. Mkaza mjomba anakaribia kusema. Asiseme ndani ya kelele hii, naomba."

Mzee mmoja, wa wale wasio na meno, akainamisha kichwa kukubali kwamba ameyasikia. Yote aliyoyaapia Twumwaa yalikuwa yamekuja kwa pamoja: kinywa, wazee, miguu mitupu. Na utamu wake ulikuwa vile vile alivyoufikiria. Sasa alibaki kutimiza sehemu yake, na aliitaka. Kapasita sita za kugeuza, dakika ishirini, na uwanja huu ungetulia wausikie upepo kwenye maturubai. Mama yake angesema kwa sauti yake ndogo, na kila mtu angemsikia. Na benchi lingekuwa lake, nani angethubutu kumwondoa tena? Akaipokea solda, akainuka.

Mkono ukamshika nguo kwa nyuma.

"Kaa chini," Birago akasema.

"Mama, ameuliza. Kila mtu amemsikia."

"Amekuuliza wewe. Mimi hajaniuliza."

Twumwaa akamgeukia. Mama yake, ndani ya nguo yake nyeupe mpya, alikuwa anamtazama Adomako miguuni.

"Mama, kwani wewe wajua kinachovuma?"

"Unadhani baba yako ndiye aliyekuwa anafunga nyuzi zile, na vidole vyake vile vinene? Yeye alikuwa anapima. Mimi nilifunga. Jioni baada ya jioni kabla wewe hujazaliwa, kwa uzi wa cherehani yangu hiyo hiyo waliyoitupa mvuani." Alisema taratibu, kama anayehesabu mishono. "Kila Jumamosi ukija ukiniambia palilia, nilikula nikashiba. Wewe walikupekua mkoba. Mimi walinipekua godoro, Twumwaa. Dada za baba yako walinivua khanga kiunoni kutazama kama nimeficha kitu, na maiti bado iko sebuleni. Na huyu alikuwa mlangoni ameshika taa."

Adomako akamgeukia Birago.

"Mkaza mjomba," akasema, "nakuuliza na wewe."

"Kamuulize mjomba wako. Karakana ni yake."

"Mama," Twumwaa akasema, "hawatakusikia. Leo ndiyo siku yako. Ukishasema hutasema tena. Niachie dakika ishirini tu."

"Ukiitengeneza leo, kesho bendi zote zitarudi kwake. Watasema Adomako amepata dawa. Atakuweka benchini na utamtajirisha, na utanunuliwa kitambaa kila Krismasi." Akamwachia nguo. "Mimi sitaki kitambaa. Nataka kila aliye hapa akirudi kwao aseme, mjane wa Ampofo alimezwa na mashine ya Adomako. Wataulizana miaka kumi. Kaa chini."

Twumwaa alikuwa ameapa kiapo kikubwa kwa mtu wa umri wake, na kumbe kando ya kisasi cha mama yake kilikuwa mchezo wa watoto uani. Akaketi. Solda ilikuwa mapajani mwake, haijawashwa. Adomako akabaki amesimama na viatu vyake mkononi, na hakuna aliyemwambia avae.

Birago akaenda mbele peke yake. Antwi akamshushia kijiti cha maiki hadi kikalingana na kimo chake, kisha akarudi nyuma kichwa chini. Mvumo ukapanda pale pale mwili wake ulipoukaribia waya. Akaanza kusema.

Alisema kwa muda mrefu kuliko mtu yeyote alivyotarajia. Mikono yake ilitembea. Mahali fulani alitabasamu, mahali fulani alikunja ngumi na kujipiga kifuani mara mbili, na mara moja, ndipo Twumwaa alipoinuka nusu bila kujua, alionyesha kwa kidole pale bintiye alipoketi, akasema kitu, akakisema tena, kama mtu anayetaka kieleweke vizuri. Watu wakanyoosha shingo. Wengine wakatega mikono masikioni. Twumwaa alikuwa hatua kumi kutoka kwake na hakusikia hata neno.

Birago akamaliza, akaiinamia picha ya mumewe, akarudi kuketi. Uso wake ulikuwa umetulia kabisa.

Aliyomtabiria Adomako yakawa. Kisa kilitembea kutoka Bantama hadi Obuasi, na kabla ya Krismasi karakana ilifungwa, Adomako akarudi Accra kuuza betri. Ukoo ulikuja mara mbili kumwomba Twumwaa afungue ile milango, na mara ya pili akafungua kwa masharti yake, jina lake mlangoni. Kila kitu alichokuwa anakitaka alikipata. Bendi zilirudi, na amplifaya kubwa ya baba yake ukiiwasha ungedhani imezimwa.

Maneno yale ya kwenye maiki alimuuliza mama yake jioni ile ile ya shughuli, wakikunja nguo. Akamuuliza tena mwaka uliofuata, na tena alipoolewa, na alipozaa. Mara ya mwisho Birago alikuwa amelala kitandani hospitalini, mgonjwa wa kufa, na Twumwaa akapiga magoti sakafuni, akavua viatu vyake, akamshika mkono.

"Mama, nakuuliza. Siku ile ulininyooshea kidole. Ulimwambia Baba nini juu yangu?"

Birago akamtazama kwa upole, kama mtu aliyeulizwa na mtoto jambo lisilomhusu.

"Sikuwa nazungumza na wewe," akasema.